Insha Yenye Majina

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye kokoto mbele ya shule nzima, na daftari langu la Kiswahili lilikuwa mkononi mwa Madam Nkirote, mwalimu wetu mkuu. Ilikuwa Jumatatu, gwaride la asubuhi, baridi ya huko juu ya Kanyakine imetukaza mashavu. Madam alisoma insha yangu yote, kuanzia kichwa mpaka nukta ya mwisho. Kila alipofika mahali nilipoandika jina lake alisimama, akatuangalia juu ya miwani, kisha akaendelea. Alisoma vizuri. Hicho ndicho kinaniuma mpaka leo, alisoma vizuri kuliko vile ningesoma mimi, akiweka pumzi mahali pa pumzi, na wasichana wote walinyamaza mpaka ukasikia kuku wa mpishi wakiparura nyuma ya jikoni. Alipomaliza alimgeukia mwalimu wetu wa Kiswahili, Bwana Mutembei, aliyekuwa kwenye mstari wa walimu na koti lake la kaki.

"Mwalimu, ndiyo haya unawafundisha watoto wangu?"

Mutembei aliangalia viatu vyake. "Hapana, Madam. Mimi niliwapa insha ya kubuni. Huyu hakuelewa swali."

Kisha zamu ikawa yangu. Madam aliinama kidogo, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza mtoto njia: "Marigu, Kagendo aliumia wapi?" Nikasema kitu, sijui nini. "Sikusikii. Hata wapishi kule jikoni hawakusikii. Aliumia wapi?" Nikasema kwenye ua. "Akifanya nini?" Akitoroka. "Na haya uliyoandika hapa ni nini?" Nikasema ni uongo. Akanifanya nirudie mara tatu, kila mara kwa sauti zaidi, na mara ya tatu nilipiga kelele kama mtu anayeuza ndizi sokoni. Ni uongo! Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kagendo alikuwa hospitalini, mguu umefungwa kutoka paja mpaka kidole, na hakuwa na mtu mwingine wa kumsemea.

Mwezi wa nne mwaka huu tumemzika Kagendo. Ndiyo sababu ninaandika. Tulimzika kwao, kati ya migomba na kahawa, matope yameshika viatu vya kila mtu, na kwenye hema tulipewa kile kijitabu cha mazishi, picha ya marehemu mbele na ratiba nyuma. Nilifungua nikitafuta picha za ujana wake. Ukurasa wa pili, chini ya neno Elimu, kumeandikwa: "Aliacha masomo akiwa kidato cha pili kutokana na jeraha la mguu alilolipata akitoroka shule, jambo ambalo hakupenda kulizungumzia." Nilisoma mara moja, nikasoma tena na kidole. Aliyeandika ni mdogo wake, Makena, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Simlaumu. Aliandika kile alichoambiwa nyumbani, na nyumbani waliambiwa na Madam Nkirote, na Madam Nkirote mwenyewe alikuwa amekaa hapo mbele, kiti cha plastiki chenye kitambaa cheupe, akishika kijitabu hicho hicho, akifuata kwa macho na kutikisa kichwa polepole vile watu wa kanisa hufanya wakiguswa na neno.

Mwaka ule ulianza na baridi. Mimi nimetoka Mbeere, upande wa Gachoka, nchi ya mbuzi na pojo, mahali ambapo blanketi ni la wagonjwa. Nilifikaje shule ya bweni ya Wameru si hadithi ya leo. Kitanda changu kilikuwa chini ya dirisha lenye kioo kimoja kilichovunjika, na juu yangu alilala Kagendo. Siku ya kwanza aliinamisha kichwa kutoka juu, nywele zikining'inia, akaniuliza: "Wee Mumbeere, ni kweli kwenu mnakula mchanga?" Nikamjibu, "Tunakula, lakini tunachagua ule laini." Bweni lote likacheka, na yeye akacheka kuliko wote, kisha akanitupia soksi za sufi akasema nivae mbili mbili la sivyo asubuhi watanikuta nimekauka kama samaki wa dukani. Kuanzia hapo tulikuwa sahani moja. Githeri ya shule, ile wao wanaita muthere, ilikuwa mahindi mengi na maharagwe ya kutafuta, na Kagendo alikuwa na mchezo wa kuniwekea maharagwe yake pembeni mwa sahani na kuniambia, "Chukua hawa ng'ombe wako, wamevuka mpaka." Mimi nilimpigia pasi sketi kwa kuilalia chini ya godoro. Alitaka kuwa nesi. Mimi sikujua ninataka kuwa nini, lakini nilipenda daftari.

Madam Nkirote alitufundisha somo la Elimu ya Jamii na Maadili. Ninaweza kuliona darasa lile nikifumba macho: ukuta wa mbao, harufu ya mafuta ya taa waliyopaka sakafuni, na mwandiko wake ubaoni, mzuri, umelala upande mmoja kama nyasi baada ya upepo. Haki ni nini. Heshima ya kazi. Wajibu wa kiongozi kwa anaowaongoza. Tulinakili yote. Jumamosi tulivaa gambuti, buti za mpira, wale waliokuwa nazo, tukapelekwa kwenye shamba lake kuchuma kahawa, na hilo aliliita heshima ya kazi kwa vitendo. Nisiseme tulilazimishwa wote, kwa sababu nimeamua kuandika vile ilikuwa. Wengine tuligombania kwenda. Huko tulipewa mukimo wa ndizi na viazi, na chai yenye maziwa, na shuleni hatukuona maziwa tangu Jumapili hadi Jumapili. Njaa ilitufanya tuone ni zawadi. Nikifikiria sasa, mtu mzima aliyepika chakula kibaya shuleni na kizuri shambani kwake alijua hesabu aliyokuwa akifanya, na sisi ndio tuliokuwa tukiimba tukienda.

Ilikuwa muhula wa tatu, kahawa imeiva nyekundu kila tawi, na mvua haikutaka kuacha. Kahawa ikichumwa lazima ifike kiwandani siku hiyo hiyo, ikilala inaharibika, kila mtu wa huko anajua. Jumamosi ile tulimaliza tumelowa. Magunia yalipakiwa kwenye trela ya trekta, trela isiyo na ubao wa kando, na Madam akasema tukae juu ya magunia twende nayo kiwandani tukasaidie kuchambua. Dereva, Ikiara, mtu asiyesema sana, alivua kofia. "Madam, njia inateleza. Wacha hawa watoto watembee, nitawangoja huko."

"Wakitembea watafika saa ngapi, Ikiara? Kahawa ilale?"

"Ni ile kona ya chini tu ndiyo naogopa."

"Basi endesha polepole. Si wewe ndiye dereva?"

Tulipanda. Kagendo alikaa ukingoni kwa sababu alitaka kuning'iniza miguu. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika mkanda wa sketi yake, kwa mchezo tu, kama mtu anayeshika ndama. Kwenye kona ya chini trela ilienda upande, magunia yakasukumana, mkanda ukanitoka mkononi. Gurudumu lilipita juu ya mguu wake chini ya goti. Hakupiga kelele. Alisema, "Marigu, kiatu changu kiko wapi?" kama ndilo jambo la haraka.

Madam alikuwa akija nyuma kwa miguu na mwavuli. Sitasema hakulia. Alilia. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, kizuri, cha kanisani, akaufunga ule mguu kwa mikono yake, na damu ikaingia kwenye kucha zake. Lakini Kagendo alipokwisha kupakiwa kwenye pikapu ya jirani na kupelekwa, Madam alitukusanya chini ya mti, akasema: "Wasichana, jambo hili tutalisema vizuri, ili shule yetu isiharibiwe jina. Mtasema mkiulizwa. Mpaka hapo, hakuna aliyeona kitu." Ndipo alipoacha kulia. Nilimwona akiacha.

Jumatatu yake nilikuwa zamu ya kupeleka chai ofisini. Baba yake Kagendo alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, mzee mwenye gambuti zilizosuguliwa zikang'aa kwa ajili ya safari, kofia juu ya magoti. Niliweka kikombe mbele yake na kuanza kumimina, na Madam hakunyamaza kwa sababu nipo, maana mtoto wa zamu ya chai ni kama meza.

"Mzee, sijui nikwambie vipi. Mimi ni mzazi kama wewe. Mtoto aliruka ua."

"Ua gani?"

"Ule wa chini, wa kuelekea sokoni. Akaangukia mawe."

"Alikuwa anaenda wapi?"

"Mzee, usinifanye niseme. Msichana wa umri huo akiruka ua siku ya Jumamosi anaenda wapi?"

Mzee alikiangalia kikombe muda mrefu. Chai iliweka utando juu. Kisha akavaa kofia, akaivua tena, akasema, "Madam, utusamehe. Hatukumlea hivyo." Aliomba msamaha! Yule mtu ambaye mtoto wake alikanyagwa na trela ya kahawa ya huyu mama, alimwomba huyu mama msamaha, na mama akampokea mkono na kumwambia Mungu yupo. Mimi nilikuwa hapo na birika. Ningeweza kusema. Nilitoka na kufunga mlango polepole ili usigonge.

Sasa Mutembei. Alikuwa kijana, ametoka chuo juzi, anatembea darasani kama mtu ambaye sakafu ni yake, na sote tulimpenda. Alitufundisha fasihi. Alitwambia mwandishi ni shahidi wa jamii, kwamba mwandishi anayeogopa afadhali akauze nyanya. Wiki ile aliandika ubaoni: Haki katika jamii yangu. Akaweka chaki chini, akapangusa mikono, akasema, na haya ni maneno yake mwenyewe: "Sitaki zile insha za hapo zamani za kale. Nataka ukweli. Andikeni kama mnasimama mbele ya wazee, na aliyewakosea amesimama pale ng'ambo."

Wasichana wa Meru waliandika juu ya yatima na mama wa kambo. Wao walijua, sijui nani aliwafundisha, kwamba mwalimu akisema hivyo hamaanishi hivyo. Mimi sikujua. Kwetu Gachoka nimewaona wazee wa ukoo wakikaa tangu nikiwa wa kubeba maji. Mtu akija na malalamiko, kitu cha kwanza anachoulizwa si nini. Ni nani. Nani amekukosea? Taja. Usipotaja jina unaambiwa ukae chini, kwa sababu neno lisilo na jina ni fitina, na fitina inatozwa mbuzi. Ukitaja, yule uliyemtaja anasimamishwa mbele yako, mnaangaliana machoni, ndipo unapewa ruhusa ya kueleza. Na ukiwa umemtaja bure, mbuzi ni wako. Kwa hiyo mwalimu aliposema andikeni kama mnasimama mbele ya wazee, kwangu hiyo haikuwa lugha tamu. Ilikuwa maagizo. Niliandika Madam Nkirote. Niliandika Ikiara na maneno aliyosema kabla hatujapanda. Niliandika jina la baba yake Kagendo, na ua, na chai yenye utando. Mwisho nikaandika jina langu, kwamba mkanda ulinitoka mkononi na kwamba ofisini sikusema kitu. Kurasa nne na nusu. Sijawahi kuandika kitu kwa urahisi namna hiyo, kabla wala baada.

Siku mbili baadaye Mutembei aliniita chumba cha walimu, saa ya mapumziko, wenzake wako nje juani. Daftari langu lilikuwa mbele yake. Alikuwa amenipa kumi na tisa kwa ishirini, alama ambayo hakuwahi kumpa mtu, na chini ameandika kwa wino mwekundu: Umethubutu.

"Marigu, hii ni kazi. Unanisikia? Hii ni fasihi. Hiyo sehemu ya kiatu..." Akatikisa kichwa.

"Asante, Mwalimu. Sasa utafanya nini?"

"Nitafanya nini na nini?"

"Na Kagendo."

Aliniangalia kama nimemuuliza kwa lugha ya kwetu. Kisha akatabasamu, akasema nisiwe na haraka, kwamba maneno yana njia yake ya kufanya kazi. Nilitoka hapo nimejaa furaha. Nilifikiri njia yake ni kwamba atapanda basi mpaka kwa yule mzee mwenye gambuti. Kumbe njia yake ilikuwa kuwasomea wenzake pale chumba cha walimu wakinywa chai, akijisifu kwamba amepata mwandishi, na mmoja wao akambebea Madam habari kabla kikombe hakijapoa. Ikawa Jumatatu, na kokoto, na yale niliyokwisha kueleza.

Nilifukuzwa siku hiyo hiyo. Mlinzi alinibebea sanduku mpaka barabarani, akaniambia, "Pole, mama. Ungewaandika wanyama, ungesema sungura na fisi." Mpaka mlinzi alijua. Wasichana walikuwa madirishani na hakuna aliyepunga mkono, na siwalaumu sana, kwa sababu ukimtoa Kagendo, tuliokuwa kwenye trela siku ile tulikuwa kumi na wanne, na kumi na watatu walitaka kumaliza shule. Wengine wao leo ni walimu, mmoja ni diwani. Kwenye mazishi walinisalimu kwa mikono miwili.

Kagendo nilikutana naye tena baada ya miaka, Timau, kwenye shamba la maua. Mimi nilikuwa wa kukata, ndani ya nyumba za nailoni, yeye alikuwa kwenye banda la kupanga, kazi ya kukaa, kwa sababu ya mguu. Nilimjua kwa mgongo. Saa ya chakula nilienda nikasimama mbele ya benchi lake na chapati yangu kwenye karatasi. Hakuinua kichwa.

"Nilisikia ulisema niliruka ua."

"Nilisema."

"Mbele ya shule yote."

"Mara tatu."

"Baba alikufa akiamini. Unajua hilo? Mpaka anakufa hakunitazama usoni." Aliendelea kupanga maua, marefu na marefu, mafupi na mafupi. Halafu akasema, "Wananiambia kwanza uliandika. Uliandika nini?" Nilimwambia daftari sina. Akasema, "Basi sema. Si ni wewe uliandika?" Nikaisema yote pale, kutoka kichwani, nimesimama, watu wakipita na ndoo. Alisikiliza bila kunikatiza isipokuwa mara moja, nilipofika kwenye gurudumu. Akasema, "Hapana, si la mbele. La nyuma ndilo lilinipitia. La mbele lilinikosa, nikafikiri nimepona." Nilipomaliza alisogea kwenye benchi nikae, akachukua nusu ya chapati bila kuomba. Tulikula pamoja miaka tisa. Hatukuizungumzia tena hata siku moja, lakini kila mwaka mvua ya kahawa ikianza alitembea vibaya, na mimi nilimbebea ndoo.

Turudi kwenye hema. Madam Nkirote alipewa kipaza sauti. Ana miaka mingi sasa, lakini sauti ni ile ile. Alisema Kagendo alikuwa binti yake. Alisema alimfunga jeraha kwa kitambaa chake mwenyewe, na watu wakapiga makofi. Aliwageukia wasichana waliokaa kwenye nyasi, akawaambia: "Mnaona, watoto wangu? Kosa moja dogo la utotoni, kuruka ua mara moja tu, linaweza kukufuata mpaka hapa." Akaonyesha jeneza! Kwa mkono, hivi. Nilikuwa mstari wa nne. Miguu yangu ilijua inatakiwa kufanya nini, na sikusimama. Niandike hilo pia. Nilikaa, nikashika kijitabu, nikawa msichana wa chai kwa mara ya pili.

Kwenye foleni ya chakula mtu alinigusa bega. Mzee mnene, suti ya kijivu, sahani mkononi.

"Marigu! Marigu wa Mbeere! Hata huzeeki."

Ilikuwa Mutembei. Nikamwamkia kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, mwalimu ni mwalimu. Alikuwa na furaha ya kweli kuniona, hilo ndilo la ajabu. Alinivuta kando, sahani imeinama mchuzi ukitaka kumwagika.

"Unajua ile insha yako ninayo mpaka leo?"

"Madam si alikaa nayo?"

"Alinipa niichome. Nikasema, kitu kizuri namna hii nichome? Nikaificha. Marigu, nimefundisha nayo miaka yote! Shule tatu, mpaka huko Embu. Niliipiga chapa nikawa nawagawia, mfano wa insha ya kubuni iliyo bora. Watoto wanaipenda sana. Pale kwenye kiatu, wengine hulia."

"Uliwaambia ni kweli?"

"Ah, fasihi haiulizwi hivyo. Nilibadilisha majina tu. Kagendo nikamwita Tatu. Madam nikamfanya mwanamume, tajiri fulani wa mbali. Trekta ikawa lori."

"Na mimi uliniita nani?"

"Wewe?"

"Aliyeandika."

Alifikiri. Nadhani ni mara ya kwanza alifikiri. "Mwalimu akitoa mfano haandiki jina la mwanafunzi," akasema, akaninyooshea sahani. "Lakini ulipaswa kufurahi. Chukua kabichi kabla haijaisha."

Binti yangu alisoma Embu. Sijui kama karatasi ile ilipita mkononi mwake. Inawezekana mtoto wangu alilia darasani kwa ajili ya msichana anayeitwa Tatu, akarudi nyumbani likizo, akamkuta Kagendo ameketi jikoni kwetu na mguu wake juu ya kigoda, akamsalimu, akapita.

Nimekaa na jambo hili tangu mwezi wa nne na nimechoka kukaa. Mutembei alisema sikuelewa swali. Nililielewa. Ni yeye aliyeuliza bila kutaka jibu, halafu jibu lilipomfaa akalichukua, akalitoa meno, akalifuga miaka yote hiyo. Msichana mwenye mguu wake, mwenye baba yake, mwenye jina alilopewa na nyanya yake, akamfanya somo. Wapo watu shule tatu wanaoijua habari ya Kagendo kuliko ndugu zake wa damu, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba ni yeye.

Kwa hiyo ninafanya vile ilitakiwa nifanye tangu mwanzo, vile hufanywa kwetu. Nani? Nkirote. Nani mwingine? Mutembei. Na mwingine? Mimi, Marigu, niliyeita ukweli uongo mara tatu kwa sauti, na nikanyamaza ofisini, na nikanyamaza kwenye hema. Nikiwa nimemtaja mtu bure, mbuzi ninaye, nimemfunga hapa nje, mje mmchukue.

Wewe Mutembei, una kurasa nne na nusu za mwandiko wangu. Zilete kwa Makena. Si zile ulizopiga chapa, zile zangu, na wino wako mwekundu chini yake. Keti naye pale kwao, kati ya migomba, umsomee mpaka mwisho, kisha atoe kijitabu kingine cha dada yake chenye maneno ya kweli. Popote ulipoandika Tatu, rudisha Kagendo. Rudisha kila jina mahali pake.

Na wewe Madam, unakaa kiti cha mbele kanisani kila Jumapili, ni mwendo mfupi kutoka hapo mpaka kwenye kaburi. Nitakuwa hapo, na safari hii nitakuwa nimesimama. Nina swali moja, ni lako mwenyewe, nimekutunzia. Kagendo aliumia wapi? Sema. Sikusikii. Sema kwa sauti, hata walio jikoni wasikie.